Baba Mkwe Kanidakia Penalti

Leo nimekosa kombe, na aliyeninyima ni baba mkwe wangu.

Mnaujua ule mchezo wangu wa ukocha wa mpira kwenye kompyuta. Mtu mzima mie, na mvi zangu.

Wachezaji wote nimewapa majina ya watu wetu. Kipa alikuwa Mzee Haji, baba yake mke wangu, ambaye ujanani alidaka kweli mtaani kwao Ng'ambo.

Juzi kocha msaidizi, yaani kompyuta yenyewe, akaniandikia: "Kipa amezeeka, mzito. Mwache aende."

Nikamwacha. Anaandika kwa uhakika yule, utadhani ana cheti.

Shemeji yangu Hamadi, mtoto wa Mzee, ana timu yake humo humo. Akamchukua siku ile ile.

Leo baada ya Alasiri, fainali, mimi na Hamadi. Mzee mwenyewe kaja kutazama na kahawa yake.

Dakika ya mwisho nikapata penalti.

Mzee Haji wa kompyuta akaidaka. Hata hakuitema.

Mzee Haji wa kwenye kiti akaweka kikombe chini.

"Mie nipo kwa Hamadi tangu lini?"

"Msaidizi alinishauri, baba."

"Alisemaje?"

Kabla sijajibu, Hamadi akaufungua ujumbe, akamsomea polepole.

"Na huyo msaidizi umempa jina la nani?"

La mke wangu, jamani.

Jikoni mwiko wake ukanyamaza.

Mzee kaondoka, kahawa kaiacha nusu. Hapo hapo msaidizi akaandika: "Udhaifu wetu uko golini. Tafuta kipa mzoefu."

Semeni nyie, nianze kumwomba radhi nani?