Kijiko cha Siki ya Mzee Yakobo

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa jina ambalo sikuzaliwa nalo. Nilikuwa na mke, mtoto na ndevu, lakini Bwana Msimamizi wa nyumba ya wageni aliniangalia toka juu hadi chini, akamwambia mnyapara, "Huyu boi mpya aanze vioo." Nyumba hiyo ilikuwa Tabora, kando ya barabara ya zamani ya misafara iliyokwenda Ujiji. Maofisa wa Kiingereza walilala humo wakisubiri treni, na kwao kila Mwafrika mwenye kitambaa mkononi alikuwa boi, hata mwenye mvi. Nayasema haya mwanzoni kwa sababu vijana hunijia hapa mtaani Isevya, Tabora, wakitaka niwasimulie enzi za Mwingereza, jinsi mambo yalivyokuwa safi. Ni kweli, yalikuwa safi. Sisi ndio tuliyasafisha.

Mnyapara wetu aliitwa Mzee Yakobo, Mnyamwezi wa Goweko, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa benchi la mbele, na katika maisha yake yote hakuwahi kuonja pombe. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia, akauliza:

"Unajua kusafisha?"

"Najua, mzee."

"Unajua kulowesha. Kusafisha utajifunza."

Nikajifunza. Sabuni ya dukani ilikuwa ya kufulia mashuka tu, na ilitolewa kwa kipande. Mengine yote tuliyatoa jikoni. Masufuria yenye mafuta tuliyachemshia magadi, yale yale ya kulainishia maharage. Masizi tuliyasugua kwa majivu yaliyochekechwa, maana jivu lenye mkaa ndani hukwaruza. Vitasa vya shaba vililala ndani ya ukwaju uliolowekwa, kisha vikasuguliwa kwa ndimu na chumvi hadi vikang'aa kama vimetoka kwa sonara. Zulia lilinyunyiziwa majani ya chai yaliyokwisha kutumika, yakiwa na unyevu kidogo, ili vumbi lisiruke wakati wa kufagia. Sakafu nyekundu ya saruji tuliipaka nta ya nyuki iliyochanganywa na mafuta ya taa. Nta huyeyushwa ndani ya kopo lililokaa kwenye maji ya moto, kisha kopo hupelekwa nje, mbali na jiko, ndipo mafuta ya taa yaingie. Aliyefupisha hatua hiyo aliungua nyusi.

Kila dawa ilikuwa na ndoo yake. Siku hizi nawaona watu wakimimina siki na magadi katika ndoo moja, povu linapanda, wanafurahi. Wanafurahia nini? Ukali wa siki umeuawa na magadi, na nguvu ya magadi imeuawa na siki. Kilichobaki ni maji yenye chumvi na kelele. Ningekuwa na fimbo!

Povu hilo kwetu lilikuwa na kazi moja tu, na ndilo lililoleta balaa.

Wakati wa vita vya Hitla siki ya Ulaya ilikatika madukani, na vioo vya nyumba ile vikaanza kuwa na ukungu. Mke wa Bwana Msimamizi, tuliyemwita Bibi Mkubwa, akamwendea Mzee Yakobo. "Yakobo, tafuta njia. Wageni wanatazama nje kama wamo ndani ya maziwa." Mzee Yakobo akaleta asali kutoka kwao Goweko. Aliichanganya na maji ndani ya mtungi, akaufunika kwa kitambaa chembamba ili upumue, akauweka kwenye kibanda cha kufulia. Kila mtu wa Tabora anajua kinachofuata. Asali na maji huwa wanzuki, pombe yetu ya asali. Lakini ukiuacha mtungi bila kuugusa, wanzuki hupita, huchacha na kuwa siki kali kuliko ile iliyoletwa kwa meli.

"Asali hulewa kwanza, kisha hulevuka," alisema Mzee Yakobo. "Sisi tunaingoja ilevuke."

Katika siku zile za ulevi wa asali, mpishi wetu Hamisi hakumpa nafasi ya kupumua. "Mzee wa kanisa! Mtungi unakuita kwa jina!"

"Mwambie sipo."

"Unasema umekuona!"

"Basi mwambie akuoe wewe, Hamisi. Mnafanana tumbo."

Ili kujua kama siki imeiva, Mzee Yakobo aliteka kidogo kwenye kisahani akatia chembe ya magadi. Wanzuki mchanga hutoa vipovu vichache tu. Siki iliyoiva hufoka povu jeupe hadi ukingoni. Bibi Mkubwa mwenyewe alipenda kutazama jambo hilo, akapiga makofi. Siki hiyo ilipakwa kwenye vioo na kufutwa kwa gazeti kuukuu, na wageni wakamsifu Bibi kwa vioo vyake. Aliipokea sifa. Hata chupa za saladi za mezani zilijazwa siki ile. Maofisa waliila na nyama baridi, wakaomba zaidi.

Vita vilikwisha, mume wa Bibi akapandishwa cheo, wakahamia nyumba kubwa karibu na boma. Akaja Bwana Msimamizi mpya, mtu mwekundu wa shingo, mwepesi wa kunusa. Asubuhi moja alisimama mlangoni mwa kibanda cha kufulia akaita.

"Yakobo! Hii nini? Harufu ya pombe!"

"Siki, bwana. Ya vioo."

"Mimi najua pombe."

Hilo sikulibishia hata moyoni. Alikuwa anaijua. Lakini kupika pombe ya kienyeji bila kibali lilikuwa kosa, na kuipika ndani ya nyumba ya serikali lilikuwa kosa kubwa zaidi. Mzee Yakobo hakutetemeka. Alifanya kama alivyofanya miaka yote mbele ya Bibi. Alileta kisahani, akateka, akatia chembe ya magadi. Povu likafoka.

Bwana akaruka nyuma. "Inachemka! Unaona? Inachemka! Pombe!"

Niliuona uso wa Mzee Yakobo wakati huo. Ushahidi wake wote aliouamini ulikuwa umegeuka mbele ya macho yake ukamkamata shingo. Mzungu yule alijua kitu kimoja tu kuhusu pombe ya Waafrika, kwamba hutoa povu, na sasa ameliona.

"Bwana," Mzee Yakobo alisema taratibu, akanyoosha kijiko. "Onja. Kijiko kimoja tu. Pombe haiwezi kuwa chachu hivi."

"Mimi nionje pombe ya boi?"

"Basi mwache Hamisi aonje. Mwache Shija."

Shija ndiye mimi. Nilichukua kijiko nikanywa mbele yake, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka. "Siki, bwana," nikasema. Akacheka. "Wewe tayari umelewa."

Bwana aliita askari, wakaumwaga mtungi uani. Mzee Yakobo alifukuzwa kazi siku hiyohiyo na kutolewa katika nyumba za watumishi. Mkewe alibeba godoro, yeye akabeba Biblia na sufuria. Jioni Bwana alikaa barazani na wiski yake, nyuma yake vioo vinang'aa.

Mzee Yakobo hakulilia kazi. Alinishika mkono akasema, "Mwanangu, kazi ni kazi. Lakini Jumapili nitakaa wapi? Nenda kwa Bibi Mkubwa. Aseme neno moja tu, kwamba ni siki."

Nilikwenda. Bibi alinisikiliza akiwa amesimama juu ya ngazi, mimi chini. Alitikisa kichwa kwa huruma nzuri kabisa. "Maskini Yakobo. Mimi najua ni siki. Lakini siwezi kuingilia kazi ya Bwana Msimamizi. Umeelewa, Shija?"

"Sijaelewa, Bibi."

Aliingia ndani, nami nikadhani anaandika neno. Alirudi na chupa tupu. "Kama kuna siki iliyobaki mahali," alisema, "niletee. Ya dukani haina ladha ile."

Nimekwisha kuwa mzee na bado nikifika hapo mkono wangu unakaza kalamu. Sikuipokea chupa. Niligeuka nikaondoka, na ninaamini aliona sina adabu.

Kanisani wazee wenzake walikaa kikao. Hawa hawakuwa wageni. Wote walizaliwa katika nchi ya asali, na mmoja alionja tone lililobaki kwenye kata aliyotekea Yakobo akakunja uso. "Hii ni siki, jamani." Lakini wakaamua Yakobo aache uzee wa kanisa mpaka serikali imsafishe jina. "Sisi tunajua," waliniambia, "ila amefukuzwa kwa pombe, watu watasema nini?" Yule Mzungu nilimkasirikia kwa ujinga wake. Wale niliwakasirikia kwa kujua kwao. Mzee Yakobo akakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na serikali haikumsafisha, maana haikuwa hata na habari kwamba imemchafua.

Mimi nilibaki nyumba ya wageni nikifuta vioo kwa maji matupu. Baada ya muda vikaanza tena kuwa na ukungu. Bwana akaniita.

"Shija, vioo vichafu. Kwa nini?"

"Siki imekwisha, bwana."

"Tengeneza nyingine. Ile ya Yakobo."

Hamisi, aliyekuwa amebeba birika, alisimama palepale.

"Mimi sipiki pombe, bwana," nikasema.

Alielewa. Shingo yake ilizidi kuwa nyekundu, na siku hiyohiyo nami nikatoka na mzigo wangu. Nilipata kazi Igunga, nyumbani kwa meneja wa kinu cha pamba, kisha nikarudi Tabora kusafisha wodi za hospitali mpaka bendera ikabadilishwa na baadaye nikastaafu. Kote nilifundisha vijana magadi, majivu, ukwaju na nta. Mabwana na mabibi walinisifu kwa usafi. Sifa zao hazikunikaa mwilini.

Mzee Yakobo alikufa kabla ya Uhuru, akiwa bado wa benchi la nyuma. Mchungaji alimsifu sana kaburini.

Leo mtungi wangu uko uani, umefunikwa kitambaa chembamba, na asali bado natoa Goweko. Akina mama wa mtaa huja na chupa zao, wengine wa kanisa lilelile, wajukuu wa wale wazee wa kikao. Simnyimi mtu. Lakini hakuna anayeondoka na chupa yangu kabla ya kuonja mbele ya macho yangu. Namnyooshea kijiko. Hukunja uso, hukohoa, huniuliza, "Babu, kwani lazima?"

"Lazima. Ni nini hiyo?"

"Siki, babu."

"Sema tena."

"Siki!"

"Haya. Sasa wewe ni shahidi wa Yakobo. Nenda kafute vioo."