Vidole vya Mama Atu

Alhamisi asubuhi, kwa mara ya nne tangu wiki ianze, Mudathir aliikokota pikipiki yake kwa mkono kutoka nyumbani hadi kijiwe cha Transfoma, Chanika. Tairi la nyuma lilikuwa limelala. Halikuwa limepasuka wala kuisha upepo kabisa. Lilikuwa limelegea kiasi cha kutoweza kubeba abiria, kama lilivyokuwa Jumatatu, Jumanne na Jumatano.

Sekela Mwaipopo, ambaye kijiwe kizima kinamwita Mama Atu, alikuwa akipanga vifaa vyake kandokando ya banda la bodaboda: beseni la maji, tupa, kopo la gundi ya solusheni, boksi la viraka na vyuma viwili vya kubandulia tairi. Ana miaka arobaini na sita. Kuziba pancha alijifunza Uyole, kwa mjomba wake aliyekuwa akitengeneza baiskeli, na hapo Transfoma amekaa miaka kumi na mmoja.

"Shikamoo, Mama Atu," alisema Mudathir bila kumtazama.

"Marahaba. Tena?"

"Tena. Na hii tyubu ni mpya, jana umeitoa kwenye nailoni mwenyewe. Sasa niambie, mie nifanyeje? Mwalimu Jesca keshapanda pikipiki ya mtu mwingine."

Mwalimu Jesca alikuwa abiria wake wa kila alfajiri, Chanika hadi shuleni kwake Msongola, na wiki hiyo wanafunzi wake walikuwa kwenye mitihani. Alishachelewa mara mbili kwa sababu ya tairi hilo.

Mama Atu akafungua gurudumu, akatoa tyubu, akaijaza upepo na kuizamisha ndani ya beseni. Alikuwa akiigeuza taratibu, sikio karibu na maji. Vipovu vikaanza kupanda, kimoja kimoja, vidogo kama mbegu za mchicha. Tundu. Tyubu ya zamani ilikuwa na matundu matatu, kila moja mahali pake, na hii mpya ilikuwa imeanza kuhesabu.

Akachukua tairi, akapitisha dole gumba ndani yake mzunguko mzima, kama alivyofanya siku zote zile.

"Humu hamna kitu," alisema.

"Hamna kitu kila siku," Brightson akadakia kutoka kwenye benchi. Huyu ndiye mcheshi wa kijiwe, na hachagui wakati. "Hayo matundu yanazaliana usiku. Mudathir, braza, weka chandarua."

Watu wakacheka. Mudathir hakucheka.

"Mie sisemi kitu," alisema, akakisema hichohicho. "Lakini mwiba ukikaa unatoboa mahali pamoja. Hii inatobolewa hapa, kesho pale, keshokutwa kule. Mwiba gani unatembea? Wallahi, huo mkono wa mtu."

Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Dar es Salaam kila dereva amewahi kusikia habari za fundi anayemwaga misumari barabarani, au anayechoma tyubu kwa sindano wakati akijifanya anaikagua, ili mteja arudi. Mama Atu alisimama na tairi mkononi. Wakati wote wa miaka kumi na mmoja maneno hayo alikuwa akiyasikia yakisemwa juu ya mafundi wengine.

Venance, mwenyekiti wa kijiwe, mtu mpole mwenye koti la kuakisi mwanga lililofuliwa hadi likapauka, alinyanyuka. Kijiwe cha Transfoma kina katiba, imeandikwa kwenye daftari la kaunta. Kifungu cha saba kinasema kwamba fundi, mama ntilie au mchuuzi yeyote anayekaa kwenye eneo la kijiwe, akimhujumu mwanachama, ataondoka. Hakijawahi kutumika.

"Mama yangu, mie sikuhukumu," alisema Venance. "Kikao Jumamosi saa nne. Mpaka hapo naomba ufunguo wa kompresa."

Kompresa ni ya kijiwe. Walichangishana wakainunua, wakamkabidhi yeye. Mama Atu akaziba tundu, akafunga gurudumu na kulijaza upepo, kisha akaufungua ufunguo kutoka kwenye pindo la kitenge, akampa. Bila upepo, fundi pancha ni mtu aliyekaa na beseni la maji.

Ijumaa hakuwa na kazi. Asubuhi aliyapitia mambo yote kichwani, hatua kwa hatua. Kiraka alikwangua vizuri kabla ya kubandika. Solusheni ni ya Buguruni, duka lilelile la siku zote. Valvu aliipaka mate, haikutoa kipovu. Kwa muda akamshuku Brightson mwenyewe, kisha akaona aibu.

Mchana akahamia kivulini kwa Kokushubila, fundi cherehani ambaye fremu yake iko hatua chache kutoka kwenye banda. Hao wawili hupika pamoja, na kila mmoja hujifanya hapendi chakula cha kabila la mwenzake. Kokushubila alikuwa akishona sare za kwaya, na kopo lake la pini lilikuwa limepinduka. Mama Atu akachuchumaa kumsaidia kuokota.

"Ulimtoboa au hukumtoboa?" Kokushubila aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye mashine.

"Na wewe!"

"Nauliza tu, nijue nakula na nani."

"Sijamtoboa."

"Haya. Basi kula." Akageuka kumsogezea hotpoti, akaganda. "Mama Atu, usisogee. Una pini kidoleni."

Mama Atu akatazama. Pini ilikuwa imesimama kwenye dole gumba la mkono wake wa kulia, imezama karibu nusu, na kichwa chake cheupe kikitikisika. Hakuwa amesikia chochote. Kokushubila akaishika kwa kucha mbili, akaichomoa. Damu haikutoka.

"Hiki si kidole," alisema Kokushubila. "Hii soli ya kiatu."

Mama Atu alikigeuza kidole mwangani. Ngozi ilikuwa nene, nyeusi kwa solusheni, imepasukapasuka kama udongo wa shamba lililokauka. Akachukua pini nyingine, akajigusa kidole cha shahada. Hakuna. Cha kati. Hakuna. Vidole hivyo ndivyo alivyopitisha ndani ya tairi la Mudathir siku nne mfululizo, kisha akatamka mbele ya watu kwamba hamna kitu.

Akairudisha pini kwenye kopo.

"Koku," akasema hatimaye, "kitambaa gani kwako kinanasa vibaya kuliko vyote?"

"Shifoni. Hata ukucha ukiwa na kijipande kinanyofoa uzi."

"Nipe chakavu."

Jumamosi saa nne madereva kumi na wawili walikaa kwenye mabenchi, wengine juu ya pikipiki zao. Venance akaweka daftari mapajani. Kabla hajalifungua, Mama Atu akasema anaomba kwanza ile pikipiki, ambayo tairi lake lilikuwa limelala tena, afungue gurudumu mbele yao wote. Hakujua atakuta nini. Kama shifoni ingezunguka tairi lote bila kunasa, hakuwa na jambo jingine la kusema.

Alibandua tairi, na safari hii hakulitupa pembeni. Alilichora kwa chaki pale lilipokuwa limeelekeana na valvu. Akaitoa tyubu, akaitafutia tundu ndani ya beseni, akaipima kwa viganja kutoka kwenye valvu: viganja vitatu na vidole viwili. Akapima tairi hivyohivyo kuanzia kwenye chaki, pande zote mbili. Kisha akafunga kipande cha shifoni ya rangi ya waridi kwenye ncha ya kijiti, akakipitisha ndani taratibu.

"Leo kunashonwa gauni," Brightson alinong'ona.

Kitambaa kikanasa. Akakirudisha nyuma, kikaachia. Akakisukuma tena. Kikanasa palepale, na uzi mmoja wa waridi ukabaki umesimama ndani ya tairi.

"Mudathir, mwanangu, lete kidole hapa. Polepole."

Mudathir akaingiza kidole. "Sioni ki— aah!" Akakitoa haraka na kukitia mdomoni. Kwenye ncha kulikuwa na tone la damu.

Mama Atu akakishika kilichomchoma kwa koleo, akavuta. Ulitoka uzi wa waya, mwembamba kama unywele, mfupi kuliko punje ya mchele, wa aina inayomwagika kutoka kwenye matairi ya malori yakichakaa. Venance akaupokea kiganjani, akautazama kwa jicho moja.

"Pikipiki ikiwa tupu unajificha," Mama Atu alieleza. "Ukipakia mtu, tairi linabonyea, unachomoza, unachoma kidogo. Na mimi kila nikirudisha tairi nalirudisha limegeuka, ndiyo maana unachoma mahali pengine. Mwiba haukutembea. Nilikuwa nauhamisha mimi."

Angeweza kuishia hapo. Waya ulikuwa umeonekana, mkono wa mtu haukuwepo, na wengine walikwishaanza kunyanyuka.

"Sijamaliza," alisema. Akanyoosha viganja vyake mbele yao. "Ulikuwemo tangu Jumatatu. Nimepitisha vidole juu yake mara nne. Vidole vyangu havisikii tena. Nimejua jana. Kwa hiyo Mudathir, ile tyubu mpya hukustahili kuinunua, na Mwalimu Jesca kachelewa kwa ajili yangu."

Madereva wakatazamana. Mmoja aliyekaa nyuma akauliza, bila ukali, fundi asiyesikia kwa vidole atafanyaje kazi. Mama Atu akaonyesha kijiti chenye shifoni.

Venance akalifungua daftari, akasoma, akalifunga.

"Kifungu cha saba kinasema kuhujumu. Hii si hujuma," alisema. "Lakini ufunguo sirudishi kwa maneno. Ziba, funga, Mudathir abebe watu leo na kesho kama kawaida. Tairi likilala, tutazungumza mengine. Likisimama hadi Jumatatu, kazi iendelee."

Mudathir akabeba. Jumamosi alienda hadi Ukonga na kurudi, Jumapili akapeleka magunia mawili ya mihogo sokoni.

Jumatatu Mama Atu alifika kabla ya jua, akajaza beseni maji ingawa hakukuwa na upepo wa kutumia. Alisikia pikipiki kabla ya kuiona. Ilikuwa ikinguruma, haikokotwi. Mudathir alikuja ameipanda, akasimama mbele yake bila kuzima injini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Limelala?"

"Bonyeza mwenyewe."

"Bonyeza wewe," alisema Mama Atu. "Wewe ndiye mwenye vidole."

Mudathir akainama, akalibonyeza tairi la nyuma kwa dole gumba, akatoa kidole, akabonyeza tena. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa kompresa ambao Venance alikuwa amempa jana yake autunze, akauweka juu ya boksi la viraka.

"Nawahi," alisema. "Mwalimu ananisubiri."