Kuku wa Bibi na Kitambaa cha Kijani

Niliwabadilishia kuku vitambaa. Naanza na hilo kabisa, usije ukafika katikati ukadhani mimi ndiye mtu mwema wa habari hii. Nilikuwa na miaka tisa, niko darasa la tatu, na ujinga niliokuwa nao ungetosha darasa zima na mwalimu akabakiwa na wa akiba.

Likizo hii nimerudi Tunduma kutoka bweni, nikapita makusudi pale tulipokuwa tunapanga zamani. Hakuna kitu. Wamemwaga zege, wamesimamisha gesti ya ghorofa, na pale lilipokuwa banda la kuku kuna shimo la choo. Nikafika nyumbani tunapokaa sasa, nikamkuta mama anakata kuku wa kisasa aliyemtoa kwenye friji la dukani. Mweupe, baridi, hana kichwa, hana miguu. Nikaitafuta miguu kwenye mfuko. Mama akauliza natafuta nini. Nikasema sitafuti kitu.

Ngoja nikupeleke nyuma kidogo, rafiki yangu.

Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita na uwanja mmoja. Akina mama wote walifuga kuku, na kuku wote walishinda pamoja, maana kuku hajui kodi ya chumba. Asubuhi nilikuwa nafungua banda, nafagia mavi, namwagia pumba, halafu wanatoka wenyewe barabarani kwenye foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka. Huko walikula mahindi yaliyovuja kwenye magunia. Breki za lori zilipumua pshhh hadi mgeni anaruka, kuku wetu hata shingo hawageuzi. Jioni kila mmoja anarudi kwao ananuka dizeli.

Sasa utajuaje yupi wako? Kitambaa mguuni. Kila mama alikuwa na rangi yake. Sisi nyekundu, ilichanwa kwenye kanga ya mama iliyoungua na pasi. Jirani wa chumba cha pili kijani, ilitoka kwenye kitenge chake. Jirani huyo alitoka upande wa pili, Zambia, na tulimwita Bamayo kama tulivyowaita akina mama wote wa kule. Alikuwa mjane, anauza chikanda sokoni, ule mkate mweusi wa viazi pori na karanga. Jioni vipande vilivyovunjika alitugawia watoto. Mimi alinipa kikubwa zaidi, anasema nina njaa usoni.

Na bibi yangu, mama yake mama, alikuwa na kuku wake mmoja mwekundu. Babu alipofariki bibi aliuza kila kitu kule Isansa, mbuzi, majembe, hadi kinu, akaja mjini kwetu na kuku huyo ndani ya kikapu. Mlango wa basi ulimbana mguu njiani, kidole cha kati kikakatika. Bibi alikuwa anasema kuku wake ana makazi mawili, mwenyewe yuko Tunduma na kidole kimebaki Mlowo. Alimlisha kiganjani. Alimwambia mambo ambayo sisi hakutuambia.

Basi, Jumapili moja nikaamua kufanya utafiti. Nilitaka kujua kama hawa watu wazima wanawajua kuku wao au wanajua vitambaa tu. Bamayo naye alikuwa na tetea mwekundu, amekonda, anakohoa, lakini kwa mbali ukiwaweka pamoja unasema mapacha. Wakubwa walipokwenda kanisani nikawakamata wote wawili. Kijani nikampa wa bibi. Nyekundu nikampa yule mgonjwa. Nikafunga vizuri, kwa kifundo changu cha viatu vya shule, kile mama alichonifundisha. Mama hutumia mkono wa kushoto, kwa hiyo kifundo changu kilitoka kimegeuka, na mwalimu wa darasa alikuwa akikicheka kila siku ya gwaride.

Mpango ulikuwa jioni bibi aite kuku wake, aje mgonjwa, sisi tucheke. Basi. Mpango mzima ndio huo.

Saa sita, bibi na mama bado hawajarudi, kaka yake Bamayo akavuka mpaka bila taarifa, amekuja kumsalimia dada. Bamayo akatoka mlangoni anafurahi hadi anasahau kufunga kitenge.

“Wanangu, nikamatieni yule mwekundu wa kitambaa cha kijani! Mgeni wangu leo hali mboga za majani!”

Nani alimkimbiza? Mimi. Nilimkimbiza kuku wa bibi yangu kwenye uvungu wa malori mawili, nikambana ukutani, nikampeleka mwenyewe mikononi mwa mgeni. Nilikuwa nimepanga nisubiri hadi kisu kitoke, ndipo niseme, kichekesho kiwe kikubwa zaidi. Yule mjomba alikuwa fundi wa kisu. Nilivuta pumzi ya kuanza kucheka, nilipoitoa kichwa kilikuwa chini.

Nikacheka hivyo hivyo. Mdomo ulikuwa umeshafunguka.

Unajua desturi ya uwanja ule: ukichinja, jirani anapata bakuli. Bamayo hakuwa mchoyo. Jua halijazama akaleta bakuli limefunikwa kwa sahani, akapiga magoti kama wanavyofanya kwao.

“Mama, firigisi yako iko humo. Na miguu ya watoto.”

“Mungu akuongeze, mwanangu,” bibi akasema. Akala firigisi. Akasifu. Alisema kuku huyu amelishwa na mtu mwenye moyo.

Halafu akatoa mguu anipe mimi. Mkono ukasimama hewani. Akauleta karibu na macho, akagusa vidole kimoja kimoja kwa kidole chake, akafika pale pasipo na kidole. Hakulia. Aliuweka mguu juu ya ugali wangu, akanyanyuka, akatoka uwanjani akaita “Kirii, kirii,” sauti ile ya kuwaita kuku kwenye pumba. Akaja mgonjwa, mbio, ana kitambaa chetu chekundu.

Ndipo bibi akapiga kelele. Mtaa mzima ulifika, hadi madereva wa malori.

“Amemla kuku wangu! Akamvalisha huyu mzoga wake kitambaa changu nisijue!”

Bamayo alikimbia ndani akarudi na kitambaa cha kijani, bado kina damu, bado kimefungwa. “Mama, angalia, ni changu! Nilichinja mwenye changu! Watoto ndio walimkamata, waulizeni!”

Watu wakanigeukia.

Ukitaka kujua moyo wangu ulikuwaje, nakwambia ulikuwa mahali pake, unadunda tu. Nikasema, “Mimi alinionyesha, nikakamata.” Ni kweli. Hata neno moja la uongo halimo.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Alikichukua kile kitambaa mkononi mwa Bamayo, akakiangalia, akakigeuza, akaingia nacho jikoni akakitia motoni. Watu walidhani ni hasira.

Balozi wa nyumba kumi aliamua Bamayo atoe kuku wawili. Akatoa, bila ubishi, amechoka. Bibi akawapokea lakini hakuwahi kuwatazama. Tuliwala sisi, wiki ile ile, na miguu yote ilikuwa na vidole kamili. Yule mgonjwa alikufa mwenyewe, hakuna aliyetaka kumzika, akabaki kwenye mtaro amevaa nyekundu yetu.

Sasa sehemu ambayo siisimulii bweni. Kwa Kibemba kuku ni nkoko. Jumatatu Bamayo anapita na beseni lake kichwani, mimi ndiye niliyejificha nyuma ya tairi la lori nikaita, “Nkoko!” Watoto wakaangua kicheko. Kesho yake wakaita kumi. Ilipofika wiki ya tatu hata wauza nyanya sokoni, watu wazima wenye watoto, wanaita Nkoko, na chikanda yake inalala. Nilipata umaarufu, bwana. Wakubwa wa darasa la saba walinipa mkono. Na yeye jioni anarudi na beseni limejaa, anatugawia vile vile, sasa vipande vizima maana hakuna aliyenunua. Mimi ananipa kikubwa. Nilikuwa nakula.

Siku moja tukaamka chumba cha pili kiko wazi, kimefagiwa. Alikuwa amerudi kwao. Wala si mbali. Ukisimama juu ya lori unaona mabati ya upande wa pili. Hatukumwona tena. Bibi alikaa miaka miwili mingine, akafariki anaamini aliibiwa na mtu aliyekuwa anamwita mwanangu, na siku za mwisho alikuwa bado anaita “Kirii, kirii” akiwa kitandani.

Siku hizi kuku wa mjini hawafungwi vitambaa. Wamefungiwa wao, kwenye mabanda ya nyavu, weupe wote, hakuna anayehitaji kujua yupi ni yupi. Bakuli haliendi kwa jirani, na geti lenyewe utaligonga hadi ugali ukauke. Nami nilikuwa nimebaki na mchezo wangu, unanikaa tumboni miaka yote hii.

Kwa hiyo jana, mama ananipakulia yule kuku asiye na miguu, nikasema moyoni leo nautoa mchezo huo. Nikautoa kwa utani, kama ninavyotoa kila kitu. Nikaigiza mbio za uvungu wa lori, nikamwigiza mjomba na kisu, nikafika kwenye vitambaa nikasema, mama, ni mimi niliyevibadilisha. Nikasubiri kofi. Nilikuwa nalitaka kabisa, hata shavu nililiweka vizuri.

Mama hakuacha kupakua. Akaongeza mchuzi, akasukuma sahani mbele yangu kwa mkono wa kushoto, akasema:

“Kile kifundo nilikijua jioni ile ile. Bamayo alikuwa mtoto wa watu, wewe ulikuwa wangu. Kula, ugali unapoa.”