Mlio Mmoja wa Asubuhi

Mimi na dada yangu mkubwa tulikuwa na mpango wetu wa simu. Yeye yuko nyumbani Kakamega, mimi niko hapa mjini, mtaa wa Mbotela, tangu marehemu bwanangu alipoajiriwa na reli. Sote wawili ni wajane. Kila asubuhi nikishanawa uso nampigia, inalia mara moja, nakata. Naye ananirudishia vivyo hivyo. Maana yake, nimeamka. Hakuna pesa iliyotumika, kila mtu anaendelea na siku yake.

Simu yangu ilikuwa kabambe, ya kubonyeza, yenye tochi. Herufi zilikuwa zimefutika, lakini kusoma kwangu ni kwa shida, na kidole gumba kilijua njia. Halafu kinywa chake kikafa. Mimi namsikia mtu, yeye hanisikii. Nikaipeleka kwa fundi mmoja huko Kariobangi. Aliifungua, akaipuliza, akaifunga.

"Shosho, hii imekufa. Ni vile tu haijazikwa."

"Imekufa na bado inalia?"

"Inalia, lakini haiongei."

"Basi imenishinda adabu," nikamwambia, nikarudi nayo.

Mke wa mwanangu, ambaye tunakaa naye, aliniambia mara nyingi tununue nyingine. Mimi nikaona haijafika huko. Pasi yangu inapata moto upande mmoja, na nguo zinanyooka. Redio yangu inashika stesheni moja, nayo ndiyo ninayoisikiliza. Kazi ya simu ilikuwa kulia asubuhi, na ilikuwa inalia.

Dada naye alizoea. Kila Jumapili baada ya kanisa alikuwa ananipigia na kuongea peke yake. "Najua uko hapo, basi sikiliza." Ananipa nani ameoa, nani amezikwa, nani amejifungua, jina kwa jina, kisha anakata. Majina sijawahi kusahau, hata ya watoto waliozaliwa nikiwa nimeshaondoka.

Mwishowe betri ikazeeka. Jioni moja stima ikapotea, mtaa mzima ukawa giza, na asubuhi simu ilikuwa nyeusi. Nikasema stima itarudi tu. Nikaenda sokoni, nikarudi, nikakaa mlangoni kuchambua kunde. Mchana mke wa mwanangu akatokea mbio, bado amevaa aproni ya kiwandani.

"Mama, uko?"

"Nitakuwa wapi kwingine?"

"Nimepigiwa simu kazini. Nyumbani wanakulilia!"

Dada alikuwa amengoja mlio wangu, hakuupata. Akapiga, akaambiwa hapatikani. Akawaita akina mama wa kanisa waombe pamoja. Sasa kwetu, watu wakiona akina mama wa kanisa wamekaa uani siku ya kazi, hawaulizi, wanatoa viti nje kwa matanga. Chai ilikuwa imeshawekwa motoni, na shemeji mmoja alikuwa anauliza nitasafirishwa lini.

Mke wa mwanangu akawapigia hapo hapo. "Mama yuko, anachambua mboga!" Wengine waliamini. Dada alikataa hata kushika simu. Alikuwa kitandani, presha imepanda. "Mnanidanganya nisianguke," tulimsikia akisema. Wala hakukosea, maana kwetu mzee haambiwi kifo kwa simu. Anadanganywa kwanza mpaka watu wakusanyike. Yeye mwenyewe ameshadanganya wengine hivyo hivyo.

Alichotaka ni mlio wa nambari yangu. Laini yangu ni ile kubwa ya zamani, haikuingia kwa simu ya mke wa mwanangu. Nikasema basi tutafute penye stima tuichaji yangu.

"Mama, simu ikishafika mahali pa kukuzika ukiwa hai, inatupwa."

Kazi yake ilikuwa moja tu, na haikuifanya.

Tukaenda dukani kando ya Jogoo Road. Muuzaji akanipa kwanza ya kupapasa. Kidole changu kimekauka kwa kufua, kioo hakikukisikia. Nikachukua ya kubonyeza. Akahamisha laini, akaniambia, "Majina yamebaki kwa ile ya zamani, shosho. Yamepotea."

"Yako hapa," nikamwambia, nikagusa kichwa. Nikabonyeza nambari ya dada, ikalia mara moja, nikakata.

Tukangoja. Haikulia mara moja ikakatika, ililia kabisa. Nikapokea.

"Najua uko hapo," dada akaanza, sauti imechoka, "basi sikiliza. Leo umenitoa roho."

"Nakusikia, dada."

"Ni nani huyo?"

"Ni mimi."

"Mdogo wangu haongei kwa simu. Nyinyi mna nini? Kama ni wewe, nitajie ng'ombe wa baba."

Nikasimama pale kaunta nikawataja wote, kuanzia yule wa pembe moja aliyekuwa akimpiga teke dada peke yake, mpaka ndama aliyekuja na mahari ya shangazi. Muuzaji alikuwa ananitazama tu.

Nikasikia dada akiondoa simu sikioni, akaita kwa nguvu, "Rudisheni viti ndani!"