Mguu Mnene wa Mama Pindo

Mama Pindo alikuwa na mguu mmoja wa kazi na mmoja wa kusindikiza. Wa kulia ndio uliokanyaga pedeli ya cherehani, ukajenga choo cha matofali, ukamnyamazisha hata mama mkwe. Wa kushoto kazi yake ilikuwa kuvaa kiatu. Basi gari likaja, likauacha huo wa kiatu, likauponda wa kulia.

Lilikuwa gari la Breki. Madereva wenzake walimpa jina hilo kwa kitu ambacho gari lake halikuwa nacho. Lilirudi kinyumenyume, likapanda baraza aliloshonea Mama Pindo na kumbana fundi huyo ukutani. Cherehani haikupata hata mkwaruzo. Ikabaki inamtazama kama mke mwenza.

Alipokwisha kufungwa plasta hadi gotini, wifi yake alimsindikiza kituo cha polisi, mtoto wa Mama Pindo kambeba mgongoni. Breki alikuwa ameshafikishwa, yeye na gari lake. Askari akainamia kioo cha mbele, pale panapobandikwa stika ya bima. Akasoma. Akasoma tena.

"Hii si karatasi ya sabuni?"

"Kwa mbali haijulikani, afande."

"Bima yako iko wapi?"

Breki akainua macho juu. "Bima yangu ni Mungu."

"Basi mpigie simu aje alipe," akasema Mama Pindo. "Na akija aniletee kijiti, plasta inawasha."

Askari akakohoa kuficha kicheko. Akaeleza: gari lingekuwa na bima, kampuni ingelipa. Sasa fidia adaiwe Breki mwenyewe, mahakamani, na mahakama haina haraka.

Haraka alikuwa nayo Mama Pindo. Shule zilikaribia kufunguliwa, na vitambaa vya sare vilirundikana kwake hadi dirishani. Wazazi walishaanza kunong'ona kwamba watavihamishia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara, yule anayeshona mifuko isiyoingia mkono. Wakihama, ndiyo basi.

"Dai hela, wifi," akasema wifi yake.

"Hela ipi? Mtazame."

Wakamtazama. Shati la Breki lilikuwa na vifungo viwili, kimoja cha koti.

"Pole sana, dada yangu," akasema Breki.

"Pole haishoni. Miguu yako mizima?"

Breki akaikagua. "Mizima."

"Nipe mmoja."

Askari akasema wakielewana yeye hana neno, ila gari halitoki pale mpaka plasta itoke, na bima ya kweli iwepo.

Kesho yake Breki akakaa kwenye pedeli, Mama Pindo ubavuni mwake, mikono kwenye kitambaa. Breki akakanyaga kama anayeovateki. Sindano ikapita mkono wa shati, ikatokea kwenye kola.

"Taratibu! Hapa hukimbilii abiria! Simama!"

Breki akakandamiza kwa nguvu zote. Gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika pu!

"Kumbe hata mguuni huna breki!" akasema wifi mlangoni, akacheka hadi mtoto akaangua kilio.

Ikabidi afundishwe upya: cherehani husimamishwa kwa kiganja juu ya gurudumu, mguu hutulia tu. Mama Pindo akaacha maneno ya ufundi, akatumia ya barabarani. "Nyoofu!" Breki anachapa ubavu wa gauni. "Kona!" Anapunguza, kola inazunguka vizuri. Madereva wenzake wakipita wanapiga honi.

"Breki, unaelekea wapi?"

"Kwenye kwapa!"

Wazazi waliokuja kuchukua vitambaa vyao walikaa kutazama sinema, wakaondoka wameacha na vingine. Sare ya mwisho ilipigwa pasi siku moja kabla ya shule.

Plasta ikakatwa. Breki akaja akichezesha ufunguo wa gari, stika mpya ya bima, aliyochangiwa na madereva wenzake, ameishika kama cheti cha ndoa.

"Plasta imetoka, dada. Tumemalizana."

Mama Pindo akaweka mguu kwenye pedeli. Gurudumu likazunguka kidogo, likakwama. Akapandisha gauni hadi gotini. Mguu ulikuwa mwembamba kama mwiko.

"Breki, huu ndio uliouchukua?"

"Ndio huo huo, dada."

"Ulichukua mnene. Mtu akiazima sufuria akarudisha kijiko, mmemalizana?"

Breki akautazama mguu. Akautazama ufunguo. Akautia mfukoni, akavuta kiti.

"Haya. Nyoofu au kona?"