Mafuta ya Sangara Kwenye Sanduku la Fundi

Anayetaka kucheka acheke sasa amalize, maana mimi hadi leo nikipita pale kanisani Nyasura naangaliaga chini, na hasira zenyewe ni za kujikasirikia mwenyewe.

Miaka ile ukiingia dukani Bunda unakuta rafu tupu na mwenye duka anapiga miayo, sabuni yenyewe foleni, sembuse vanishi. Mume wangu, Baba Neema, ni seremala, alikuwa amejitengenezea sanduku la vifaa, la mninga, zuri, ila halijapakwa kitu. Sasa Mei Mosi mafundi wanapelekaga vifaa vyao kanisani vibarikiwe, na siku hiyo hiyo wazee wa kanisa wangemchagua fundi wa mabenchi mapya. Sisi tangu Krismasi hatujapata kazi ya maana.

Akaenda Nyamuswa kumalizia mlango wa mtu, akaniambia, "Mama Neema, sanduku liache hivyo hivyo. Vanishi ikipatikana nitapaka."

Ningeliacha! Lakini wenzake walikuwa wamepaka oili chafu ya magari, masanduku yanang'aa, letu limepauka kama mguu uliotoka ziwani. Oili chafu sikuitaka, inaua rangi ya mninga (mimi wa kidato cha nne, najua kila kitu). Nikakumbuka dada yangu wa Makoko, shemeji mvuvi, makasia yao wanayapaka mafuta ya sangara na maji hayaingii. Nikaleta chupa mbili kutoka kwao, nikapaka mara tatu, ndani na nje, mtoto mgongoni.

Baba Neema akarudi Mei Mosi yenyewe asubuhi, tumechelewa. "Hii harufu ni ya nini?"

"Mbao mpya," nikamjibu, bila haya.

Akalibeba begani, na shati lake jeupe la pekee. Kanisani watu wamejaa, joto, naona mafuta yanamshuka mgongoni mpaka kiunoni, nzi hao. Akalitua mbele ya altare, halafu paka wa misheni akaingia kwa mlango wa pembeni, akaruka juu ya sanduku, akaanza kulilamba mbele ya padri.

Mzee wa kanisa akafunua kifuniko, kikamteleza, kikambana vidole. "Fundi! Umepaka nini hapa?"

Baba Neema akanitazama. "Ni mimi, mzee. Nilikosea."

"Sanduku lako limekushinda, mabenchi utayaweza?"

"Tutakalia sangara!" mtu akapiga kelele nyuma, kanisa zima kicheko.

Hapo nikasimama. "Ni mimi nimepaka! Yeye alinikataza! Mkimnyima kazi mmemwonea!" Mtoto akaanza kulia.

Mzee akafuta vidole taratibu. "Basi kazi apewe. Ila wewe mama, siku ya kupaka mabenchi, uende kwenu."

Sasa hivi sipaki kitu kabla sijajaribu upande wa chini, nikasubiri wiki nzima, nikamwuliza na mwenye mali. Lile shati harufu haikutoka. Nimelitunza, na nikianza kujifanya najua, nalikunjua nalinusa.