Tembo Aliyepakwa Mafuta ya Nazi

Enzi zetu pale Kariakoo, mtu alichagua kadi zake kwa kichwa chake mwenyewe, na kama kichwa hakina kitu, alifilisika hadharani. Leo mpwa wangu Hamidu ana mashindano ya kadi Jumamosi, na tangu asubuhi amejilaza kwenye kochi la mama yake, dada yangu Zuhura, anaiuliza simu kadi ipi aibakize na ipi aitoe. Kila kadi kaivisha mfuko wake wa plastiki. Nikamwambia, "Hizo kadi zinatunzwa kuliko meno yako." Hakucheka. Vijana hawa utani hawauoni mpaka uandikwe kwenye kioo cha simu.

Zetu zilikuwa kadi za wanamieleka, tulizozipata ndani ya pakiti za jojo. Mbele picha, chini yake namba za kimo, uzito na nguvu. Migongo yote ilifanana, myekundu. Kila mchezaji alichagua kumi, akazichanganya na kuzilaza kifudifudi, hata mwenyewe haruhusiwi kuchungulia. Mwenye zamu anataja kipimo, mnafunua za juu, mwenye namba kubwa anazoa zote mbili na zamu inabaki kwake. Halafu kulikuwa na kadi ya roho. Unaitaja kwa sauti kabla ya kuanza, na ikichukuliwa hiyo, umekufa, unatoa kadi zako zote.

Mimi roho yangu ilikuwa Tembo. Kwa uzito hakuna aliyemkaribia, ila kimo alikuwa pipa. Zuhura, mkubwa wangu kwa miaka miwili, alinitazama huku mikono yake imejaa unga.

"Tembo usimfanye roho," akasema. "Mweke yule wa wastani. Tembo anakufaa zamu ikiwa yako tu."

Nikamjibu asukume chapati zake. Tena siku hiyo nikamchotea Tembo mafuta ya nazi ya mama, nikakaa barazani nikampaka uso mzima ili ang'ae, mpaka mama akapiga kelele: "Vichwa vyenu vimepauka, unapaka karatasi!"

Mchezo ulikuwa Mnazi Mmoja, mimi na Elinami, mtoto wa Mchaga muuza masufuria. Mtaa mzima ulitusimamia vichwani. Nilianza vizuri mno. Elinami akabakiwa na kadi tatu, nami nikawa nishaanza kucheka kwa dharau. Kisha zamu ikamwangukia yeye. Badala ya kutaja upesi, akainama akaitazama kadi yangu ya juu kama mtu anayekagua samaki soko la Feri.

"Kimo," akasema taratibu.

Nikafunua. Tembo.

Mafuta yalikuwa yamepenya. Mgongoni kulikuwa na doa kubwa jeusi, na mtaa mzima ulinishuhudia nikimpaka. Mimi mgongo sikuwahi kuutazama. Nani anatazama mgongo wa ampendaye? Nikatoa kadi zote, nikarudi nyumbani nikilia barabara nzima. Zuhura hakunisimanga. Alinikatia nusu ya chapati yake, na hilo liliniuma kuliko kusimangwa.

Basi leo nilikuwa nimeshajiandaa kumpa Hamidu hadithi hii, na mahubiri juu ya watoto wasiofikiri. Kabla sijafungua mdomo, Zuhura akapita na ungo wake, akazitupia jicho kadi zilizotandazwa mezani.

"Hiyo ya joka itoe," akasema. "Nakuona kila siku. Mpaka ifanye kazi, wenzio wameshamaliza."

"Aa, Mama, we hizi huzijui," Hamidu akajibu, macho kwenye simu.

Zuhura akaenda zake jikoni. Masikio yangu yakawaka moto, na mahubiri nikayaahirisha. Enzi zetu zilikuwa bora, nitalisema hilo mpaka nife: sisi tulimpuuza Zuhura kwa akili zetu wenyewe. Hawa wa leo wanatafuta msaada.